Mkweche wa baba uliniumbua mbele ya mama!

Msomaji, kama umewahi kusukuma gari alfajiri huku umevaa shati jeupe la kazini, na nyuma yako foleni ya daladala inakupigia honi kana kwamba umeiba kuku wa mtu, kisa hiki utakielewa kabla sijakimaliza. Kama hujawahi, usicheke. Mjini hapa kila mtu ana zamu yake.

Nina gari. Nikisema nina gari usije ukanifikiria pedeshee mwenye mapene. Ni Toyota Corolla la mwaka 1993, injini yake ile ya 5A yenye cc 1498. Rangi yake zamani ilikuwa nyeupe, siku hizi inafanana na meno ya mvuta sigara. Mlango wa nyuma haufunguki mpaka uupige kiwiko kwanza, na redio inashika stesheni moja tu. Washikaji zangu wa Tabata wanaliita mkweche. Mimi naliita gari la baba, kwa sababu ndivyo lilivyo.

Marehemu baba alikuwa mwalimu. Alilinunua kwa kiinua mgongo chake, na alipofariki miaka mitatu iliyopita hakuacha ghorofa wala shamba. Aliacha mama, mimi, mdogo wangu wa kiume, na huo mkweche. Wazee wa ukoo wakakaa, wakaamua: gari ni la wote. Siku za kazi litakuwa langu, mwisho wa wiki la mdogo wangu, na siku ya kliniki ya mama kule Muhimbili, awe nani awe nani, gari ni la mama.

Baba alikuwa na mtindo wake wa kuliwasha. Anaweka ufunguo, anauzungusha mpaka taa za dashibodi zinawaka, halafu anatulia. Anazitazama moja moja: ya oili, ya betri, ya injini. Kama anaita mahudhurio darasani vile! Ndipo anapiga stata. Sisi tulikuwa tunamcheka. "Baba, tutachelewa!" Yeye anasema, "Asiyeitwa hajulikani kama hayupo." Mimi nikadhani ni mambo ya uzee tu.

Basi bwana, kasheshe lilianza kipindi cha masika mwaka jana. Niko kwenye foleni Barabara ya Mandela, mara moshi unafuka mbele, mshale wa joto umepanda juu. Mpira wa juu wa rejeta umepasuka. Si unajua tena mjini hapa, gari likifuka moshi dakika mbili nyingi, fundi kashafika hata kabla hujamwita. Akaja kijana mmoja na spana zake ndani ya mfuko wa rambo, akabadilisha mpira palepale barabarani. Na mkono ukiwa bado ndani akaniambia, "Bosi, hii themostati natoa, huku kwetu joto, haina kazi." Nikasema toa. Nilikuwa nachelewa kazini, angesema anatoa usukani pia ningemwambia toa.

Baada ya siku mbili tatu ikawaka taa ya njano pale dashibodi, ile yenye picha ya injini. Nikamuuliza fundi wa mtaani kwetu. Akacheka. "Bosi, magari yote ya zamani yanawaka hiyo. Taa tu hiyo." Nikamwambia inanikera, usiku inanimulika machoni. Akasema anaweza kuniondolea usumbufu. Nikampa elfu 5, akafungua dashibodi, akachomoa balbu. Taa ikazimika. Moyo wangu ukatulia. Msomaji, kumbuka hiyo elfu 5. Ndiyo pesa iliyonitokea puani kuliko zote nilizotumia.

Wiki ile ile ugomvi na gari ukaanza. Asubuhi napiga stata, inazunguka weee, gari haliwaki. Naacha, napiga tena. Mara ya nne au ya tano linashika, linatetemeka kama mtu mwenye homa, linazima. Nikikanyaga mafuta linakubali shingo upande. Baada ya dakika kumi hivi njiani, limeshapata joto, linakuwa zuri utafikiri si lile. Ila sasa nikisimama kwenye taa za barabarani, sailensa inapanda yenyewe vuuum, inashuka, inapanda vuuum, inashuka. Abiria wa daladala pembeni wanadhani natafuta mashindano.

Mdogo wangu ndiye wa kwanza kunishtua. Jumapili moja alirudisha gari jioni, akaniambia, "Kaka, huu ugonjwa umeanza siku ile ulipobadilisha ule mpira wa rejeta. Kuna kitu yule jamaa aligusa. Na ile taa ya injini mbona haiwaki tena hata ukifungua ufunguo? Baba alikuwa..."

Nikamkata kauli. "Wewe unajua nini kuhusu injini? Kazi yako kupiga picha harusi za watu, kapige picha." Ni kweli, dogo ni mpiga picha za harusi, na gari la mwisho wa wiki ndilo lililokuwa linambebea taa zake na stendi zake. Akanyamaza. Mdogo wangu ana tabia hiyo, ukimkata habishani. Ukimya wake nikauona ni dalili ya kushindwa.

Nikaanza safari ya gereji. Fundi wa kwanza akasema plagi. Plagi nne, elfu 40. Fundi wa pili akasema betri imechoka, ingawa stata ilikuwa inazunguka kwa nguvu hata kipofu angesikia. Betri, elfu 170. Fundi wa tatu akasema pampu ya mafuta. Ya mtumba, elfu 90. Wa nne akasema distributa. Nayo mtumba, laki moja na nusu. Ukijumlisha na pesa za ufundi, elfu 110, jumla yangu ilifika 560,000. Na gari asubuhi linagoma vile vile!

Kilichokuwa kinaniua zaidi ni hiki. Nikilipeleka gereji saa tano, limetembea kutoka Tabata, limepata moto, fundi akigusa ufunguo tu, tiii, linawaka. Ananitazama kama mimi ndiye mwenye matatizo. Mmoja akazungusha skrubu ya sailensa, akaipandisha juu, akasema nimekumalizia bosi. Nilipofika Relini lilikuwa linavuma na kushuka mara mbili ya mwanzo.

Halafu akatokea fundi wa tano. Huyu hata spana hakushika. Aliinama kwenye boneti, akafanya sura ya daktari, akaninong'oneza, "Bosi, hii gari wewe pekee ndiye unaendesha?" Nikamwambia na mdogo wangu. Akaguna. "Basi hapa kuna vitu vya asili vimebadilishwa, vimewekwa famba. Sitaki kugombanisha familia ya watu, ila jiongeze."

Mwe! Neno hilo likaniingia kama maji kwenye mchanga. Nikakumbuka dogo kanunua lenzi mpya ya kamera. Nikakumbuka mafuta siku hizi yanaisha haraka. Nikajumlisha moja na moja nikapata saba. Jioni ile, mbele ya mama, nikamwambia mdogo wangu kwamba anauza spea za gari la marehemu baba kwa vipande. Nikamnyang'anya ufunguo. Hakupiga kelele. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akaingia ndani akakusanya vitu vyake. Kesho yake akahamia kwa rafiki yake Mbagala.

Mama hakuniambia kitu kwa wiki nzima zaidi ya "chakula kiko mezani." Wewe unayewajua akina mama unaelewa uzito wa adhabu hiyo.

Miezi mitatu ikapita, mimi na mdogo wangu hatusemeshani. Ikafika siku ya kliniki ya mama. Mama ana sukari na presha, na ukitaka kuwahi namba ya mbele inabidi utoke nyumbani giza. Saa kumi na moja alfajiri yuko kwenye kiti cha mbele, kajifunga kanga zake mbili, kadi ya kliniki iko kwenye mfuko wa plastiki mapajani. Napiga stata. Weee. Kimya. Tena. Kimya. Nilipiga mpaka betri mpya ya elfu 170 ikaanza kuimba kwa sauti ya mgonjwa. Mwishowe likawaka, tukaondoka, namshukuru Mungu kimoyomoyo. Tulipofika taa za Buguruni nikasimama. Sailensa ikashuka, ikashuka, puu. Limezima katikati ya njia panda.

Nilisukuma peke yangu. Nikageuka nyuma nikamkuta mama ameshuka, ameweka fimbo yake juu ya boneti ya nyuma, na yeye anasukuma. Mama wa miaka sitini na nane! Konda mmoja akaruka kutoka kwenye daladala akamtoa kwa heshima, "Mama yangu pumzika, shikamoo, hii kazi ya vijana," akanisaidia mpaka pembeni. Mama akapanda bajaji peke yake kwenda Muhimbili. Akafika namba zimeshakwenda mbali, akarudi nyumbani jioni, miguu imemvimba.

Usiku ule ndipo aliponisemesha. Hakugomba. Alisema hivi, "Baba yenu alikuwa analiwasha hili gari kwa kulisikiliza. Wewe unaliwasha kwa hasira. Tafuta mtu atakayetuambia ukweli lina nini. Kama ni mdogo wako kaliharibu, nitamuuliza mwenyewe. Na siku ya kuambiwa nataka niwepo."

Konda yule yule wa Buguruni, nilipomrudia kumshukuru, ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja Ilala. Gereji yake ni mwembe, benchi, na kabati la chuma. Nikamwamkia. Alianza ufundi na Peugeot 404 na Land Rover, enzi ambazo spea ya kuagiza ilikuwa kama hirizi, kwa hiyo alijifunza kutobadilisha kitu mpaka ajue kimekufa. Nikataka kumfungulia boneti. Akanizuia. "Kaa kwanza kijana wangu. Injini haikimbii."

Akaniuliza maswali kama karani wa mahakama. Linagoma likiwa la baridi au la moto? La baridi. Stata inazunguka vizuri? Vizuri. Likiwaka linafanya nini? Linazima. Likipata joto? Linapanda na kushuka. Halafu swali la mwisho: "Lilianza lini, na kabla halijaanza, nani aligusa nini?"

Hapo nikakwama. Ilikuwa ni maneno ya mdogo wangu yale yale, sema yametoka kwenye kinywa chenye mvi.

Nikamsimulia habari ya mpira wa rejeta. Akatikisa kichwa. "Basi niachie lilale hapa. Ugonjwa wa asubuhi hautazamwi saa saba mchana. Hao wenzangu walikuwa wanampima mgonjwa akiwa keshapona. Njoo kesho saa kumi na mbili."

Kesho yake nikaenda na mama. Mzee akamwamkia kwa adabu, akampa benchi, akamfuta vumbi kwa kanzu yake ya kazi. Kisha akaingia kwenye gari, akazungusha ufunguo nusu, akatulia. Anazitazama taa. Moyo wangu ulifanya paa, kwa sababu alikaa vile vile alivyokuwa anakaa baba.

"Ya oili ipo," akasema. "Ya betri ipo. Ya injini iko wapi?"

Nikajifanya natafuta kitu mfukoni.

"Hii taa," akaendelea, anaongea na mama sasa, "ukifungua ufunguo lazima iwake, hata gari zima kabisa. Ukishawasha injini ndipo inazimika. Isipowaka pale mwanzo si kwamba gari ni zima. Ni kwamba aliyepewa kazi ya kusema kazibwa mdomo." Akafungua dashibodi. Tundu la balbu, tupu. "Nani alitoa balbu hapa?"

Msomaji, mama hakumtazama fundi. Alinitazama mimi. Nikasema, "Mimi, mama. Ilikuwa inanimulika." Mama akasema "Aha," basi. Hilo "aha" mpaka leo nalisikia.

Mzee akaweka balbu ya shilingi elfu moja. Taa ikawaka. Kisha akanionyesha kitu ambacho mafundi watano hawakukigusa. Ndani ya boneti kuna kiboksi cheusi kidogo chenye kifuniko. Ndani yake kuna matundu yenye majina. Akachukua kipande cha waya, akaunganisha tundu la TE1 na la E1, akafungua ufunguo bila kuwasha injini. Ile taa ikaanza kukonyeza: mara mbili, ikapumzika, mara mbili. Ikakaa kidogo, ikarudia. "Hesabu," akaniambia. Mbili na mbili. "Ishirini na mbili. Kwa Toyota za umri huu, hiyo ni sensa ya joto la maji. Gari limekuwa linasema mwaka mzima."

Hakukimbilia dukani. Wengine wote wangesema leta pesa ya sensa. Yeye alikwenda hatua kwa hatua, na kila hatua akamwambia mama anafanya nini. Injini ya petroli, akasema, inataka vitu vitatu: cheche, mafuta na hewa, kila kimoja kwa kipimo chake na kwa wakati wake. Akachomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma, akaniambia nipige stata: cheche ya bluu, kali. "Cheche ipo. Distributa lako la zamani lilikuwa zima, kijana." Kwenye kiboksi kile kile akaunganisha tundu la +B na la Fp, pampu ya mafuta ikaanza kulia kwenye tangi nyuma. Akabana mpira wa mafuta kwa vidole, akausikia ukigangamaa. "Mafuta yapo. Na pampu yako ya zamani nayo ilikuwa nzima." Kila akisema "ilikuwa nzima" nasikia noti zinachanika.

Ndipo akaniita karibu na pale mpira wa juu wa rejeta unapoingia kwenye injini. "Hapa kuna ndugu wawili. Mmoja ana waya mmoja, huyu anapeleka habari kwenye mshale wa joto pale dashibodi. Mwingine ana waya mbili, huyu anapeleka habari kwenye kompyuta ya gari. Wewe mshale wako ulikuwa unasogea, ukaridhika. Ila kompyuta haikuwa inaambiwa kitu." Akavua soketi ya yule wa waya mbili. Akachukua mita, akapima sensa: omu elfu mbili na ushee. "Nzima. Injini ikiwa baridi inasoma hivyo, ikifika nyuzi 80 inashuka mpaka mia tatu hivi." Akapima upande wa waya zinazotoka kwenye kompyuta, ambako alitegemea volti 5. Sifuri. Akafunua tepu nyeusi iliyozungushiwa, akavuta waya mmoja kidogo tu, ukatoka mkononi kama uzi wa nguo kuukuu. Ulikuwa umekatikia ndani. Aliyebadilisha mpira aliuvuta, akaufunika tepu, akachukua chake akaenda zake.

"Sasa sikiliza," akasema. "Kompyuta ikikosa habari haikai bure, inabuni. Hii ya kwako inajisemea, maji yana nyuzi 80, injini ni ya moto. Wewe asubuhi injini ni ya baridi, inataka mafuta mengi zaidi kidogo ili ishike, kama jiko la mkaa alfajiri linavyotaka mafuta ya taa. Yenyewe inatoa kipimo cha injini ya moto. Ndiyo maana linagoma, na likiwaka linazima. Likishapata joto lenyewe, uongo unakuwa kweli, gari linatulia."

Mama akadakia, "Kwa hiyo halikuwa bovu. Lilikuwa halisikilizwi."

Mzee akacheka mpaka mabega yakacheza. "Mama, ungekuja wewe tangu siku ya kwanza."

Aliunganisha waya, akaweka soketi nyingine, akauchomoa ule waya wa TE1. Akapiga stata. Mara moja tu! Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, injini baridi kabisa, likashika. Kidogo niruke. Yeye hakuwa amemaliza. Akaliacha linguruma mpaka likapata joto, na kweli ule mchezo wa kupanda na kushuka ukaanza. Akachukua koleo, akawa anabana mipira midogo ya hewa mmoja mmoja polepole. Alipobana ule unaorudisha moshi wa injini kwenye manifodi, sailensa ikatulia. Akauchomoa, akaugeuza: chini umepasuka, juu mzima, ndiyo maana hakuna aliyeuona. Hewa ya wizi ilikuwa inapita hapo. Injini inazunguka haraka wakati mguu hauko kwenye mafuta, kompyuta inaona si sawa inakata mafuta, mzunguko unashuka, inarudisha, unapanda tena. Na yule aliyepandisha skrubu ya sailensa alikuwa amemwongezea kichaa pombe. Mzee akaweka mpira mpya, akairudisha skrubu mpaka mizunguko 750 hivi kwa dakika, akasafisha uchafu mweusi kwenye mlango wa hewa. Akauliza na themostati iko wapi. Nikajibu. Akasema irudishwe, injini imetengenezwa ifanye kazi katika joto lake, hata huku Dar.

Bili yake hii hapa: waya na soketi elfu 10, mpira elfu 8, balbu elfu moja, themostati elfu 30, ufundi elfu 40. Jumla 89,000.

Nikawa nimebaki na swali moja, na sikutaka kuliuliza. Mama akaliuliza. "Fundi, kuna kitu chochote cha asili kimebadilishwa humu? Watu waliniambia kijana wangu mdogo kauza spea."

Mzee akamulika tochi. Akamwonyesha nozeli, akamwonyesha ilipo kompyuta yenyewe. "Mama, vumbi hili ni la miaka, bolti hizi hazijaguswa. Vilivyobadilishwa humu ni hivi vinavyong'aa: plagi, betri, distributa." Akanigeukia. "Hivyo kaweka nani?"

Nani tena, msomaji? Mimi. Mbele ya mama, chini ya mwembe, saa mbili asubuhi. Na distributa langu la asili, zima kabisa, nililiacha kule gereji kama chuma chakavu. Kwa hiyo aliyegawa spea za baba kwa vipande alipatikana.

Nilimpigia mdogo wangu siku hiyo hiyo. Hakupokea. Nikampigia kesho yake, hakupokea. Nikaandika ujumbe mrefu, nikaufuta, nikaandika mfupi: "Ulikuwa sahihi, ni waya. Nimekosa. Njoo nyumbani." Akajibu baada ya siku mbili: "Jumamosi."

Usidhani alikuja tukakumbatiana kama kwenye sinema ya Kihindi. Alimwamkia mama, akakaa, akala. Nikamwomba radhi mbele ya mama, maana mbele ya mama ndipo nilipomvunjia heshima. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kaka, mimi spea ningeuza vipi? Lile gari ndilo lililokuwa linanipa kula." Akaniambia harusi mbili zilimpita kwa sababu hakuwa na usafiri wa vifaa, ya tatu alikodi teksi faida yote ikaishia huko, na kodi ya chumba Mbagala ilipomkaba akaiuza ile lenzi. Ile ile niliyoifanya ushahidi.

Lenzi hiyo namlipia. Nimeshamaliza nusu, nusu nyingine nailipa mwisho wa mwezi, na nakuandikia wewe hapa ili uwe shahidi. Nyumbani hajarudi. Amesema atakaa huko huko Mbagala, kuwa na chumba chako ni ukubwa. Mama anasema ni sawa. Najua si sawa sana, bali naweza kuilaumu nani?

Wewe mwenye mkweche, nikuachie haya machache, yamenigharimu hukupata bure. Gari likigoma, kabla hujatoa pochi, jiulize linagoma la baridi au la moto, na nani aliligusa mara ya mwisho. Lipeleke kwa fundi saa ile linayougua, hata kama ni kulilaza kwake. Fundi anayesema badilisha kabla hajapima, muage kwa upole. Ukilipia spea mpya, chukua ya zamani uondoke nayo. Na ile taa ya njano, iache isumbue. Kazi yake ndiyo hiyo.

Jumamosi ile alipokuwa anaondoka, dogo aliniomba ufunguo. Nikampa. Nikasimama mlangoni namtazama. Aliingia, akazungusha nusu, akatulia. Oili. Betri. Injini. Zote tatu zikaitika. Akapiga stata mara moja, gari la baba likawaka, sailensa imetulia hata kijiko kwenye sahani kisingetikisika. Akanipungia mkono akatokomea.

Mwisho wa wiki gari ni lake. Wazee walishaamua.